Kaka wa Bibi Harusi Anatengeneza Nini

Al Mansoura, Doha
Ijumaa, 17 Januari 2025

Kwako kaka yangu Fabian,

Nakusalimu kwa mikono yote miwili, ingawa wa kulia umeshika kalamu. Mimi ni mzima, meno yote yapo, na hii baridi ya Doha, ambayo wewe ungeivulia shati, imenifanya nilale na soksi. Mama ni mzima. Niliongea naye jana: yule ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike, paa la jikoni limebadilishwa, na shangazi Phyllis amegombana na kwaya kwa mara ya tatu na kurudi kwa mara ya tatu. Mama anauliza kama visima mnavyochimba huko Amerika vina maji matamu.

Najua unashangaa kupata barua. Lakini simu zetu zimekuwa za aibu. Niaje, poa, Mama je, poa. Kisha unasema unaingia kazini na simu yako inazimwa siku tatu. Baba alikuwa karani wa posta Kapsabet miaka thelathini na mmoja. Angesikia wanawe wanavyoongea angeona haya mbele ya mihuri yake. Basi nimeamua kuandika. Tumia sanduku la posta la kliniki yetu, maana huku mtu wa posta habishi hodi mlangoni.

Sasa kaa chini. Naolewa.

Anaitwa Herbert Chelimo, Mganda wa Kapchorwa, na kazi yake ni kutengeneza lifti. Nilikutana naye kwenye lifti, au niseme mimi nilikuwa ndani na yeye nje. Mwaka jana mwezi wa tano lifti ya jengo letu ilikwama katikati ya ghorofa ya nne na ya tano. Tulikuwa watatu: mimi, trei ya chupa za damu za maabara, na bwana mmoja Mmisri aliyekuwa akisoma dua kwa sauti inayotetemeka. Nikajisemea kwa Kinandi kwamba nitafia hapa na sijala tangu asubuhi. Sauti ya mwanamume ikajibu kutoka juu, kwa lugha iliyokaribia kabisa Kinandi, kwamba hakuna atakayekufa leo na kwamba yeye ana chapati. Dakika arobaini, kaka. Alipofungua mlango nilikuwa nimeshajua majina ya dada zake wote na yule Mmisri alikuwa ameshalala.

Wiki iliyopita aliniuliza. Nilikubali kabla hajamaliza, ikabidi aanze upya kwa sababu alikuwa amefanya mazoezi.

Kwa Mama kulikuwa na tatizo dogo. Nilipomtajia jina aliuliza kwa upole sana kama Chelimo ni msichana. Kwetu, kweli, ni jina la msichana. Kwao Kapchorwa kuna Chelimo wenye ndevu na wajukuu. Nilieleza dakika kumi, halafu nikamtumia picha, na siku hizi anamwita Herbert tu, kwa usalama.

Harusi ni Ijumaa tarehe 27 Juni, hapa Doha. Mama atakuja. Baba hayupo, kwa hiyo wewe ndiye utakayenishika mkono kuniingiza kanisani. Na jambo moja. Watu wa Herbert wanauliza kaka wa bibi harusi anafanya kazi gani. Nilisema visima. Herbert, kwa kuwa ni fundi, akauliza pampu za aina gani, nikamwambia nitakuuliza. Unafanya kazi gani hasa, Fabian?

Dada yako, mchumba wa mtu,
Jebet


Montana
23 Februari 2025

Dada Jebet,

Barua yako imefika leo ikiwa na doa la maji. Niliisoma nikiwa nimesimama, kisha nikakaa kama ulivyoagiza, nikaisoma tena. Huku theluji imefika dirishani. Mimi ni mzima. Mike, kijana wa Texas ninayeishi naye nyumba moja, aliniuliza nacheka nini peke yangu, nikamwambia nimepata shemeji kutoka ndani ya lifti. Amesema anataka kuja harusini.

Nimefurahi, Jebet. Mimi si mtu wa maneno lakini andika hapo kwamba nimefurahi.

Kuhusu kuja, nitaomba ruhusa. Kabla ya hapo nahitaji mambo haya kuhusu Herbert: majina yake yote kama yalivyo kwenye pasipoti, tarehe na mahali alipozaliwa, uraia wake na wa wazazi wake, anaishi wapi Doha na tangu lini, mwajiri wake ni nani, na kama ana jamaa yeyote aliye jeshini au serikalini katika nchi yoyote. Naomba uyaandike sawasawa. Usiniulize ni ya nini. Ni ya lazima, na hakuna ubaya.

Kuhusu pampu, mwambie ni za kawaida.

Msalimie Mama. Mwambie maji ni matamu.

Kaka yako,
Fabian


Al Mansoura, Doha
Ijumaa, 14 Machi 2025

Kaka Fabian,

Salamu zako zimefika na maswali yako yamefika, na maswali yalikuwa mengi kuliko salamu. Sisi ni wazima. Mama ameshapata pasipoti na anaibeba hadi sokoni. Ndama ameitwa Qatar.

Niliudhika, sitakuficha. Ndugu wa watu wanauliza kama bwana harusi ni mlevi, kama anaenda kanisani. Wewe unauliza kama mjomba wake ni mwanajeshi. Nilimsomea Shamira, Mganda ninayefanya naye zamu, naye akasema wazi kwamba uko jela na hiyo ni fomu ya wageni wa wafungwa. Saa sita baadaye alibadilisha mawazo akasema wewe ni mpelelezi. Siku iliyofuata akasema umeoa binti wa rais wa nchi fulani. Nimemwambia achague moja.

Mtu ambaye hakuudhika hata kidogo ni Herbert. Alisema hakuna mtu aliyewahi kutaka kumjua kiasi hicho. Alikaa mezani kwake Al Rayyan jioni mbili mfululizo, baada ya kufuturu na wenzake, akakuandikia kurasa nne ambazo nimezikunja humu. Utaona ameongeza kundi la damu, saizi ya kiatu, na maelezo marefu ya jinsi alivyoanguka kutoka kwenye mti wa parachichi akiwa darasa la tatu. Jamaa aliye serikalini ni mmoja, binamu yake Roselyne, anayetoa chanjo za ng'ombe wilayani. Ana wasiwasi kwamba Roselyne ataharibu mambo.

Ni Ramadhani huku, na ndio msimu wake wa kuteseka. Adhana ya magharibi ikishalia na watu wakishakula, jengo zima linataka kushuka kwa wakati mmoja, watu kumi na wanne kwenye lifti ya wanane, wote wameshiba. Anasema lifti zinalia kama ndama. Juzi alipanda ngazi za majengo sita Al Thumama na akaja kuniona akitembea kama mzee, lakini akicheka.

Kaka, nakuuliza mara ya pili na kwa heshima. Mimi ni mtoto wa baba yako. Nilikuficha chini ya kitanda siku uliyovunja redio. Unafanya kazi gani? Sitaki pampu.

Jebet


Montana
Jumapili ya Pasaka, 20 Aprili 2025

Jebet,

Yesu amefufuka na theluji imeyeyuka. Mwambie Herbert kurasa zake nimezikabidhi zote kama zilivyo. Ofisa aliyezipokea alisoma habari ya mti wa parachichi hadi mwisho na akauliza kama alivunjika mkono. Roselyne hakuleta tatizo.

Mimi si mchimba visima. Nilipopata ile kadi ya kijani ya ukaazi na kuja huku, mwaka uliofuata nilijiunga na jeshi la anga. Mama aliniuliza kwenye simu nafanya nini, na siku hiyo nilikuwa nimetoka kushuka kwenye shimo lenye kina kirefu, nikamwambia nashuka mashimoni. Akasema visima. Nikanyamaza. Sasa ni miaka minne nimenyamaza.

Kwenye mashimo hayo hamna maji. Kuna makombora, Jebet. Yale ya nyuklia. Yametawanywa chini ya mashamba ya ngano, moja hapa, jingine maili kadhaa mbele, na juu yake unaona uzio tu na ng'ombe wa mtu wanakula. Hili si siri, kila mtu hapa anajua, watoto wa shule wanapita na basi. Mimi ni mmoja wa mafundi. Nitakuambia yaliyo magazetini tu na usiniulize zaidi ya hapo.

Ni vitu vya zamani. Vilifukiwa kabla Baba hajaajiriwa posta. Vilikusudiwa kukaa miaka kumi na sasa vimepita hamsini. Mfuniko wa shimo ni zege la tani mia, na kuna siku unagoma kwa sababu ya kipuri cha ukubwa wa kidole ambacho kiwanda chake kilifungwa nikiwa sijazaliwa. Tunachukua mchoro, tunatafuta mtu wa kukichonga upya. Kuna mzee aliyestaafu tunampigia simu, anatuambia kwa kichwa waya gani unaenda wapi. Mapya yanatengenezwa, mashimo mapya pia, kila kitu kipya, lakini yanachelewa mwaka hadi mwaka, na hadi yaje sisi tunahakikisha ya zamani hayalali. Mashine za kutambua adui ni kali sana. Mwezi uliopita sungura alikatiza uwanjani wakaja askari wenye bunduki na gari la chuma. Sungura aliwaangalia tu.

Herbert ni mgeni anayeingia kwenye familia ya mtu kama mimi, ndiyo maana ya maswali. Wewe pia uliandikwa kwenye fomu zao. Samahani.

Mwambie Herbert kama ni lazima. Mama usimwambie. Nitamwambia mimi.

Fabian


Al Mansoura, Doha
Ijumaa, 9 Mei 2025

Kaka yangu Fabian, fundi,

Tumefika salama katika mwezi wa tano na joto limefika pamoja nasi. Mama amejaribu nguo ya harusi na anasema inamfanya aonekane mke wa chifu, kwa hiyo ameinunulia mkoba. Shangazi Phyllis amejiteua mkuu wa nyimbo ingawa haji.

Barua yako niliisomea chumba cha dawa, nimekaa juu ya katoni ya glavu. Nilipofika kwenye ile sentensi nilicheka, Fabian. Sijui kwa nini. Nilicheka hadi daktari Mhindi akaja kuniangalia. Halafu nikashindwa kuchoma mtu sindano kwa nusu saa. Wewe, uliyekuwa unaogopa jogoo wa jirani. Wewe ndiye wanayekupa spana wakushushe mahali kama pale.

Herbert nimemwambia. Tulikuwa tunatembea kando ya bahari, watu wengi, upepo wa moto. Alisimama. Nilidhani atasema mambo ya vita na mwisho wa dunia. Akasema, kwa uso wa mtu aliyeonewa, kwamba na wao wana lifti ya miaka ishirini na mitano Al Mansoura ambayo vipuri vyake vimekwisha duniani, na wakubwa wanaahidi mpya kila mwaka. Akauliza yule mzee aliyestaafu mlimpataje. Tulitembea tena mpaka gati la pili, kisha akanishika mkono akasema jambo ambalo nakuandikia kama alivyolisema. "Mimi nikimaliza kazi napanda mwenyewe kwenda juu na kurudi, nijue imepona. Kaka yako anajuaje?" Akasema basi huyo ana kazi ngumu kuliko ya kwangu, na tukanunua mahindi.

Kwa hiyo usiogope. Umekubaliwa.

Lakini sasa kwa kuwa umeanza kusema, nitakuuliza lile lililo moyoni, nalo si la makombora. Baba alipokufa, Novemba ile, tulikungoja. Tuliahirisha mazishi kwa siku nne. Ukapiga simu ukasema kazini wamekunyima likizo. Mama alisema visima vya watu haviwezi kungoja. Mimi nilikaa kimya, na tangu siku hiyo ndio zikaanza zile simu za niaje na poa. Jeshi linamnyima mtu kumzika baba yake?

Ni mimi dada yako, sina hasira, nauliza tu. Hapana, ninayo kidogo.

Jebet


Montana
1 Juni 2025

Jebet,

Nakusalimu. Leo sitaandika habari ya hewa.

Jeshi halikuninyima. Sikuomba.

Kwenye kazi yetu kuna sheria. Anayegusa vitu hivi lazima akili yake iwe imetulia, na anayejua kama imetulia kwanza ni yeye mwenyewe. Ukifiwa, ukiachwa na mke, usipolala, unaenda kwa mkuu wako unasema. Wanakuweka kando mpaka upone. Wanasema si adhabu. Lakini mimi nilikuwa na miezi mitano tu kazini, mweusi peke yangu kwenye kikosi, jina langu hakuna aliyeweza kulitamka, na nilidhani nikisema baba yangu amekufa wataniondoa moja kwa moja. Basi sikusema. Siku mliyomzika nilikuwa chini, nabadilisha betri. Nilifanya kazi yangu vizuri na hakuna kilichoharibika. Lakini sikupaswa kuwa pale, na nilijua. Tangu hapo silali vizuri, na kila asubuhi ninapoulizwa kama niko sawa nasema niko sawa.

Barua yako niliipata Jumatano ya tarehe 21. Alhamisi nilienda kwa mkuu wangu, Sajenti Melissa, mwanamke mfupi asiyecheka, nikamwambia yote, kuanzia Novemba. Nilingoja anifukuze.

"Ungeniambia siku ile," akasema, "ningekupeleka uwanja wa ndege mwenyewe."

Nililia mbele yake kama mtoto. Alinisogezea tishu bila kuangalia.

Wameninyang'anya kazi ya mashimo kwa sasa. Naonana na daktari wa mambo ya akili kila Jumanne, na siku nyingine napaka rangi mistari ya maegesho ya magari. Jebet, nimekuwa bingwa. Mistari yangu imenyooka hadi watu wanakuja kuipiga picha. Nalala usiku kucha, saa nane nzima. Mike anasema naimba bafuni kwa lugha asiyoijua na ameanza kuikariri.

Na kwa kuwa siko mashimoni, hahitajiki mtu wa kunishikia nafasi, kwa hiyo likizo imetoka. Wiki mbili. Natua Doha tarehe 25. Suti nimeshonesha. Nitakushika mkono.

Nisamehe. Sikuomba likizo, na nilimwacha Mama alaumu visima.

Kaka yako,
Fabian


Al Mansoura, Doha
Ijumaa, 27 Juni 2025

Kaka Fabian,

Leo ndiyo ingekuwa siku ya harusi yangu, na niko jikoni nakaanga maandazi.

Yale ya kwenye simu sitayarudia sana. Najua likizo yako ilifutwa tarehe 22 vita vilipopamba moto, na si kosa lako. Ndege ya Mama nayo ilifutwa kesho yake, naye yuko Nairobi kwa binti wa shangazi Phyllis, amevaa tayari, amekataa kuvua. Mchungaji ametusogeza hadi tarehe 8 Agosti. Sikulia. Barua yako ya mwezi huu niliisoma mara sita na hapo ndipo nililia, lakini si kwa ubaya. Nimekusamehe kabla sijafika chini ya ukurasa, kwa hiyo usiniulize tena, tutachoshana.

Jumatatu jioni umesikia. Makombora yalikuja kuelekea ile kambi ya jeshi la Amerika huku jangwani, na mengine yakarushwa kutoka huku kuyadungua, na anga la Doha lote likawa kama mtu anachomelea vyuma mbinguni. Jua lilikuwa limezama muda si mrefu. Mimi nilikuwa nyumbani. Vioo vilitetemeka. Sikuogopa. Nilishuka barabarani tu kama watu wengine, tukasimama Wafilipino, Wanepali, Wahindi, sisi, kila mtu ameinua simu juu anapiga picha kitu ambacho angepaswa kukikimbia. Mama mmoja wa Kerala alinishika kiuno, hanijui, simjui, tukakaa hivyo mpaka kukawa kimya. Hakuna aliyeumia. Halafu watu wakaanza kucheka, Fabian, barabara nzima, wauza chai wakafungua, mtu akagawa juisi bure.

Nikawaza wewe ukiwa na bisibisi yako. Nikawaza kwamba hivi vilivyopita juu yetu ni vidogo, vidogo sana mbele ya vile vyako. Sikuimaliza hiyo fikra. Nikaenda kumtafuta Herbert.

Herbert alikuwa Al Thumama juu ya lifti ya watu. Aliiteremsha hadi chini, akaizima, akawashusha wakazi kwa ngazi ghorofa tisa, huku amembeba bibi mmoja Mlebanoni mgongoni. Bibi anataka kumwozesha mjukuu wake. Nimemtumia salamu.

Nampa Herbert kalamu, amening'ang'ania begani.

Jebet

Shemeji Fabian, hujambo. Mimi ni Herbert wa mti wa parachichi. Dada yako anasema hakuogopa. Nilipofika nilimkuta katikati ya barabara na gauni la nyumbani na viatu vyeupe vya harusi, maana alikuwa anavizoeza visimbane. Alinikimbilia navyo mita mia mbili. Sasa vimezoea. Wewe njoo Agosti, tutangoja. Mkono wako ninaulinda, hatutampa mtu mwingine. H.C.


Montana
17 Agosti 2025

Jebet, mke wa Herbert,

Nimefika jana. Nililala safari nzima, mhudumu akaniamsha mara mbili kuhakikisha ninapumua. Mguu wa kushoto bado unauma kwa sababu ya Herbert na wale mafundi wenzake kumi na moja wakiruka kwenye mduara, na shati limeharibika kwa jasho la Agosti ya Doha. Mike ameziona picha. Anauliza yule bibi Mlebanoni aliyekuwa anaongoza dansi ni ndugu yetu wa upande gani, nikamwambia wa upande wa lifti.

Nilipokushika mkono mlangoni pa kanisa uliniambia nitembee polepole, nami nilikuwa nimesimama. Ni wewe uliyekuwa ukikimbia.

Nakuandikia kuhusu Mama. Unajua nilimwambia. Asubuhi ile wewe ulipokuwa unasukwa nywele chumbani kwa Shamira, tulibaki jikoni kwako sisi wawili, akipiga pasi kitambaa chake cha kichwa. Nikamwambia kwanza habari ya Baba, kwamba sikuomba likizo. Aliacha pasi. Aliniwekea mkono kichwani kama ninapokuwa na homa, akauacha hapo, kisha akaendelea kupiga pasi. Nikamwambia na ya pili, kwamba si visima. Nilieleza kwa Kinandi, na Kinandi hakina maneno hayo, kwa hiyo nilisema moto mkubwa uliofungiwa ardhini ili adui aogope kuanza.

Aliuliza, "Ukiharibika ni wewe unaitwa?"

Nikasema mimi na wenzangu.

"Na ukiwa mzima?"

Nikasema unakaa tu. Mwaka baada ya mwaka unakaa.

"Na wakiufungua?"

Nilichomoa pasi. Alinitazama, akajifunga kitambaa, akasema twende, gari linangoja. Na kutwa nzima alicheza, umemwona mwenyewe, alicheza na Wanepali. Uwanja wa ndege alinikumbatia akaniambia nile. Hakurudia tena. Sijui kama ana hasira, au aibu. Sijui anawaambia watu nini nyumbani.

Keshokutwa nina daktari. Wakiniona niko sawa, Septemba narudi mashimoni. Wamesema mapya yamechelewa tena. Jebet, sitaki kurudi chini bila kujua Mama anafikiri nini. Muulize kwa ujanja wako.

Fabian


Al Rayyan, Doha
Ijumaa, 5 Septemba 2025

Kaka yangu Fabian,

Pokea salamu kutoka chumba kipya chenye mume ndani yake. Tuko wazima, tumenunua mapazia, Herbert ameyafunga na yanafunguka kwa kitufe, ingawa kuna kitufe kimoja tu na mapazia ni matatu. Lifti mpya ya Al Mansoura imefika kwa meli. Alienda bandarini kuliangalia sanduku lake, akanipigia simu akiwa hawezi kuongea.

Mama sikumuuliza. Nilijiandaa kwa ujanja wote, nikapiga simu Jumapili jioni, akapokea shangazi Phyllis. Mama alikuwa nje na ng'ombe. Na Phyllis alikuwa na neno limemkaa kooni tangu asubuhi, ndipo nikayapata haya bila kuuliza.

Kanisani kwetu, unajua, kabla ya mahubiri mchungaji Philipo huwaita wenye haja wasimame. Wakasimama akina mama kama kawaida. Mmoja akaombea mtoto wake apandishwe cheo benki. Mwingine akaombea duka la mwanawe lipate wateja. Wa tatu, binti yake afaulu mitihani ya udaktari ili awasaidie wengi. Amina, amina. Kisha Mama akasimama, na ile nguo ya mke wa chifu, na mkoba.

Akasema mwanawe Fabian si mchimba visima, alikosea kuwaambia hivyo na anaomba radhi. Akasema ni fundi, huko Amerika, na ni fundi mzuri. Halafu akasema, na Phyllis amenirudishia neno kwa neno kwa sababu alikuwa ameketi kando yake na wimbo mdomoni:

"Naomba kazi ya mwanangu isizae matunda. Aifanye vizuri kila siku, azeeke nayo, astaafu, na siku hiyo iwe haijawahi kumfaa mtu yeyote."

Phyllis anasema mbuzi wa jirani alisikika hadi ndani. Mchungaji Philipo alivua miwani, akamuuliza kwa adabu kama amesema isizae. Mama akasema ndiyo, isizae, hata moja. Akabaki amesimama, hajakaa, anangoja kama mtu aliye dirishani posta. Mchungaji akavaa miwani, akainamisha kichwa, akaliombea hilo kama lilivyo, kwa jina lako lote.

Wakasema amina, kaka. Kanisa zima.

Dada yako,
Jebet